Dachesi Hakuuzwa, Baba

Baba,

Mama anasema mtu akishazikwa aachwe apumzike, asiletewe taabu za dunia. Nimemwambia wewe hukujua kupumzika hata ulipokuwa mzima, kwa hiyo nakuandikia. Nimekaa jikoni, mahali pako karibu na moto, na mvua imeanza tena. Nina habari mbaya na sitaizungusha. Dachesi hayuko. Lakini hakuuzwa, Baba. Hilo nataka ulijue kwanza, kabla hujaniuliza kwa ile sauti yako. Mengine nitakueleza polepole, maana hapa kijijini kila mtu anayasimulia kwa njia yake na kila njia ina uongo kidogo.

Nakumbuka siku uliyomleta. Yule meneja mzungu uliyemfanyia kazi ya usaisi, kutunza farasi wake, miaka yote, kule kwenye shamba kubwa la chai, alikuwa anarudi kwao, na kila mfanyakazi wa nyumbani kwake aliulizwa angependa kubaki na nini. Mpishi alichukua friji. Mtu wa bustani alichukua baiskeli. Wewe ukasema unataka farasi, kwa sababu ulikuwa umesikia mzee huyo akisema ni afadhali ampige risasi kuliko kumwachia watu wamtese. Ukaja naye kwa miguu mpaka hapa kwetu ng'ambo ya Roret, watoto wa shule wakikufuata kama umeleta sarakasi. Mama alikuuliza kama huyo mnyama anakamuliwa. Ukasema hapana. Akauliza kama analiwa. Ukasema Mungu apishe mbali. Mama akarudi jikoni, na usiku huo tulikula ugali na chumvi, ingawa mboga zilikuwepo.

Jina lake la kizungu liliwashinda watu, wakamwita Tachesi. Ni wewe tu uliyeshikilia kusema Dachesi, tena ukimrekebisha hata mchungaji.

Ulikuwa na msemo wako kwamba mnyama asiyetoa maziwa ni lazima atoe kitu kingine. Na kweli alitoa. Siku za soko ulimpeleka Roret, ukamsimamisha kando ya Nyakundi, yule mpiga picha Mkisii, na watu walilipa ili wapigwe picha wakiwa juu ya farasi. Mpaka leo nikiingia nyumba za watu naziona hizo picha ukutani. Wazee wamevaa koti na kofia, wamekaza uso kana kwamba wanaenda vitani, na pembeni kuna mkono wako umeshika hatamu, mkono tu, mwili Nyakundi ameukata. Samadi yake uliwauzia akina mama wa sukumawiki. Krismasi watoto walizungushwa uwanjani mpaka Dachesi mwenyewe akachoka na kulala chini, na wewe ukawaambia wazazi kwamba ofisi imefungwa.

Lakini kilichotulisha hasa ni harusi. Unajua vile watu wetu walivyo: akitokea mmoja na kitu, wote wanakitaka. Baada ya yule msichana wa kwanza kupelekwa kwa mumewe juu ya farasi, na gauni lake jeupe, na mwavuli, hakuna bibi harusi aliyetaka tena kupanda pikapu. Ulikuwa unaenda mpaka Mogogosiek. Mimi nilikuwa mtu wa kumsuka manyoya ya shingo na kumpaka mafuta kwato, na wewe uliniambia nina mkono mzuri kuliko wa saisi yeyote uliyefanya naye kazi. Hukuwa mtu wa kusifu ovyo. Nimelibeba hilo neno.

Na pale ndipo Dachesi alipojifunza tabia iliyoleta haya yote. Wewe unaijua, lakini acha niiandike, kwa sababu nikiandika ni kama tunaongea. Kwetu bibi harusi haingii tu kwa watu kama kuku. Akifika langoni anasimama, anainamisha kichwa, anakataa. Baba mkwe anamwahidi ng'ombe. Mama mkwe anaahidi kondoo. Neno likishatamkwa mbele ya watu limetamkwa, halirudi nyuma, hata ng'ombe akija baada ya miaka mitano. Hapo wanawake wanapiga vigelegele na bibi harusi anaingia. Sasa Dachesi alikuwa amesimama kwenye malango hayo mara nyingi mno. Alijua hivi: lango, watu wengi, tunasimama. Vigelegele, tunaingia. Bila vigelegele ungeweza kumvuta mpaka mkono ung'oke. Wewe ulicheka ukasema huyu sasa amekuwa Mkipsigis kamili, imebaki tu apewe jina la nyumbani.

Halafu kifua kikakushika. Siku ya mwisho nilipokuja hospitalini uliniambia nisogee karibu, ukasema, "Dachesi ni wako. Usimwachie mtu." Basi. Mimi nilifikiri bado tuna Jumamosi nyingine za kuongea. Unajua mimi sina kaka. Unajua shamba bado liko kwa jina la Babu, na mwenye kusema kitu juu yake ni baba mkubwa, ndugu yako. Binti kama mimi, ambaye hajaolewa na umri unasonga, yuko nyumbani kama mgeni aliyesahau kuondoka. Farasi yule ndiye alikuwa kitu pekee duniani ambacho mtu alikuwa amesema ni changu.

Wiki hiyo hiyo ya matanga, baba mkubwa alisimama mbele ya watu akasema farasi auzwe. Alisema gharama ni nyingi, na mwanamke hawezi kufuga mnyama wa kizungu. Watu waliitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimebeba chai ya wageni, nikaweka birika chini nikatoka nje, kwa sababu ningebaki ningesema kitu ambacho kingenifukuzisha hapo nyumbani kabla hata hujazikwa.

Siku ya mazishi mvua ilinyesha. Gari lililokuleta lilikwama kule chini kwenye mteremko, ikabidi wanaume wakubebe mabegani kupanda mlima. Mimi nilikuwa mbele nikimwongoza Dachesi, na tandiko lako juu yake bila mtu. Wengine walinung'unika kwamba hayo ni maigizo ya wazungu. Sikujali. Tukafika kwenye lango letu, lile jembamba la katikati ya misipresi, na Dachesi akasimama.

Baba, nilimvuta. Nilimwomba sikioni. Alikuwa ameziba lango lote, na nyuma yangu watu sita wana jeneza mabegani na miguu inateleza. Mchungaji hakuelewa, akaanza wimbo mwingine. Baba mkubwa akaja na fimbo. Hapo mwanamke mmoja mzee kutoka ng'ambo ya mto akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Mwacheni. Huyu anangoja kuahidiwa." Watu wengine walicheka, kile kicheko cha matanga ambacho kinatoka na machozi. Halafu kikaisha, na wote wakamtazama baba mkubwa, maana yeye ndiye mwenye boma. Wabebaji wakamwambia mzee sema kitu, tunaanguka. Alitazama jeneza. Alimtazama Dachesi. Akasema haraka haraka, kama mtu anayetema kitu kichungu, "Haya, hatauzwa. Aingie."

Dachesi hakutikisika. Wewe unajua kwa nini. Mimi pia nilijua, lakini ni nani angepiga vigelegele mbele ya jeneza? Nilisimama pale nimeshika hatamu na nikaona aibu kwa niaba yako. Ndipo nikasikia sauti nyuma kabisa, nyembamba, ikianza kwa kutetemeka kisha ikapanda. Mama. Mjane wako, Baba, ameshikwa na wanawake wawili, ndiye aliyekupigia vigelegele. Alivipiga mpaka pumzi ikamwisha. Dachesi akainua masikio, akaingia, na wewe ukaingia nyuma yake.

Watu bado wanalizungumza. Wapo wanaosema Mama alipatwa na wazimu kidogo, na wapo wanaosema hawajawahi kuona mtu akirudishwa kwake vizuri namna hiyo. Mama mwenyewe hataki liguswe.

Nikafikiri nimeshinda. Aa wapi. Baba mkubwa hakumuuza, maana neno la langoni analiogopa kama sisi wote. Lakini msimu uliofuata aliamka asubuhi na vijana wa jembe, wakachimba shimo kwa shimo kile kipande cha nyasi cha kulishia Dachesi, kuanzia kwenye mti wa mkuyu mpaka choo, na wakapanda chai. Nilipouliza Dachesi atakula nini, baba mkubwa alisema, "Nilisema hatauzwa. Sikusema atakula wapi." Akaenda zake akipiga mluzi. Nilimchukia mtu yule, Baba. Nasema hivyo wazi, ukitaka nikemee.

Basi ikawa kazi yangu ni kutafuta nyasi. Unajua kwetu hapa kila mahali ni chai, mpaka kwenye mlango wa mtu. Nilikata nyasi za kando ya barabara kwa panga. Samadi ambayo wewe uliiuza, mimi niliibadilisha kwa nyasi za nepia. Nyakundi, Mungu ambariki, siku za soko alikuwa anakataa sehemu yake ya pesa za picha, anasema anunuliwe Dachesi pumba. Harusi niliendelea nazo. Mwanzoni walikuwa wanauliza yule mzee yuko wapi, na kila mara ilibidi niseme, na kila mara bibi harusi mmoja alikuwa na huzuni kwenye siku yake kwa sababu yako. Baadaye wakazoea kuona msichana wa farasi. Mwaka mzima tuliishi hivyo. Alikonda, lakini hakuwahi kulala njaa. Mimi nililala.

Kisha ikaja mvua ile kubwa, ile ambayo hata redio ilikuwa imeipa jina. Hukuiona, shukuru. Daraja likaenda na maji, barabara ikageuka uji, na lori la kiwanda likashindwa kufika kwenye kituo chetu cha majani. Watu walichuma na kungoja, majani yakapata moto ndani ya magunia yakawa mekundu, wakayamwaga. Unakumbuka vile unavyojisikia ukimwaga majani uliyoyachuma na mgongo wako. Kijiji kizima kilikuwa kimenyamaza kama kuna msiba kila nyumba. Harusi hazikuwepo. Nani anaoa kwenye tope?

Wewe ulikuwa unasema Dachesi ni wa kupandwa, si punda. Nilikaa nikilifikiria neno hilo siku kadhaa. Mwishowe nilimfunga magunia ya majani huku na huku juu ya tandiko, nikamshusha kwa njia ya msituni mpaka kwenye lami, mahali lori lilipoweza kusimama. Alienda kama alikuwa anaifanya kazi hiyo tangu azaliwe. Majirani hawakuwa na cha kunipa zaidi ya nyasi, na nyasi ndizo nilizotaka. Kila mmoja alimwachia kipande kidogo, chini ya mti, kando ya mfereji. Nakuambia akaanza hata kunenepa. Wale waliokuwa wanasema farasi ni upuzi wa mzee saisi walikuwa sasa wanamsalimu kabla ya kunisalimu mimi.

Baba mkubwa alikaa majuma mawili akijifanya hatuoni. Halafu jioni moja alikuja akasimama mlangoni kwa Mama, kofia mkononi. Majani yake yalikuwa yanaharibika. Nilimwambia nitayabeba, ila Dachesi apate nyasi za kule chini mtoni, zile ambazo hakuna chai inayoota. Alikubali. Nilifurahi sana usiku ule, Baba. Nilikuwa nimempata palepale nilipomtaka.

Siku ya tatu ya kubeba majani yake, tulipofika kwenye magogo waliyolaza badala ya daraja, gogo moja likazunguka. Mguu wa mbele wa Dachesi uliingia katikati. Baba mkubwa alikuwa nyuma ameshikilia gunia lisianguke, na tulisikia wote wawili ule mlio. Sitauandika. Tulimtoa, tukamsaidia mpaka nyumbani kwa miguu mitatu, saa nzima kwa mwendo ambao ni wa dakika chache, na hakulia hata mara moja. Alikuwa ananitazama tu kama ananiuliza leo tunaenda harusi ya nani.

Daktari wa mifugo alitumiwa ujumbe, akasema atafika kesho yake. Habari zikamfikia kwanza mtu mwingine. Asubuhi alikuja bwana mmoja na lori dogo lililopenya kwa njia ya juu, ananunua wanyama walioumia, anapeleka nyama kwa wenye mbwa wengi. Hakuzungumza na mimi. Alizungumza na mwenye boma, na alitaja bei ambayo mimi sijawahi kuishika. Nilikuwa nimekaa chini kwenye zizi, kichwa cha Dachesi kwenye mapaja yangu, na nilijua yameisha. Farasi aliyevunjika mguu si farasi tena. Bila kubeba majani nyasi hazipo, harusi hazipo, na pesa ziko mkononi mwa mtu.

Mgala muue na haki yake umpe. Nilimsikia baba mkubwa akisema, "Huyu hauzwi. Niliahidi." Yule bwana alifikiri anataka zaidi, akaongeza. Baba mkubwa akamwambia aondoe lori lake kabla halijakwama. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu aliyechoka.

Daktari alifika mchana, akamdunga sindano. Ilikuwa haraka. Nilimshika masikio, yale unayopenda, laini.

Majirani walisema tumvute tumtupe bondeni, fisi watajua. Sisi hatuziki mnyama, Baba, hilo nalijua kama wanavyolijua wao. Lakini baba mkubwa alikuwa ameshachukua jembe. Alienda katikati ya chai yake, ile aliyoipanda kwenye nyasi za Dachesi, michai iliyokuwa imefika magoti na karibu ianze kuchumwa, akaanza kuing'oa. Alikuwa ananung'unika wakati wote. Aliutukana udongo, aliitukana mvua, alikutukana na wewe kwa kuleta mnyama mkubwa namna hiyo mahali ambapo kila mtu ana ng'ombe. Shimo la farasi si mchezo. Wanaume wakaja mmoja mmoja na majembe yao bila kuitwa, na hata Nyakundi alitoka Roret kwenye tope bila kamera. Walichimba mpaka jioni. Tulipomshusha, baba mkubwa alisimama ukingoni, tope mpaka kiunoni, akasema, si kwangu, "Sasa usiniulize tena."

Nilijua anasema na nani, Baba.

Siku yako sikulia, Baba. Nilikuwa nimeshika farasi, na mtu aliyeshika farasi halii, anamshtua. Halafu kukawa na wageni, halafu nyasi, halafu mvua. Jioni ile hatamu ilikuwa mkononi mwangu na hakuna kitu kwenye ncha ya pili. Nikalia. Nilikulilia wewe, nikamlilia yeye, sikujua ni yupi kwa yupi. Mama alinikuta hapo giza limeingia, akakaa na mimi kwenye majani yaliyong'olewa, na hakuniambia ninyamaze.

Usifikiri baba mkubwa amekuwa malaika. Juma lililofuata alikuwa anamwambia kila mtu sokoni ile michai ingempa nini. Na bado ananiuliza nitaolewa lini. Lakini mahali pale hajapanda tena. Pameachwa, na wachumaji wanapazunguka.

Sasa jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kuna mama mmoja karibu na Londiani, ana viazi na ng'ombe wa maziwa na farasi watatu wa wageni wanaokuja kupanda Jumapili. Aliniona zamani kwenye harusi, nikimwongoza Dachesi kwenye watu wengi. Alipopata habari alituma mtu aulize kama natafuta kazi. Anataka saisi. Baba mkubwa anasema mwanamke kuitwa saisi ni aibu ya ukoo mzima. Mama amenifungia nguo kwenye begi lako. Naenda kesho.

Kwa hiyo sitakuwa nikija kaburini Jumapili, na hilo linaniuma, ingawa sitaki likuume wewe. Kuna siku nitakosa kukukumbuka mchana mzima, kwa sababu ya kazi, na usiku nitashtuka. Kilio nilikuwa nimekichelewesha na bado kipo kingi.

Farasi wa huko hawanijui. Nitawaendea kwa upande wa kushoto, polepole, mkono wazi, nikiwa nasema ili wasikie ninakotokea, kama ulivyokuwa ukiwaendea wewe. Sitawapiga. Na wakiniuliza wenye farasi nilisomea wapi kazi hii, nitataja jina lako kwanza, zima, la kwako na la baba yako, mbele ya watu. Hilo nakuahidi.

Kwaheri, Baba.

Ni mimi binti yako,
Chelangat